Uzi: Vifaa vya fundi kwa pikipiki, gari dogo, lori, trekta na gari la umeme. Uanze na nini?

SpanaKumi:

Wakuu, habari za kazi.

Kijana akimaliza kujifunza ufundi, swali lake la kwanza huwa ni boksi gani la spana anunue. Wengi humwelekeza kwenye boksi kubwa la vipande mia na ushee, linalong'aa, lina kila kitu. Mimi napinga ushauri huo, na nimeandika uzi huu kueleza kwa nini. Kwanza ujue ni chombo gani utakishika kila siku, kwa sababu kifaa cha pikipiki hakimfungui lori, na kifaa cha lori kinaivunja pikipiki. Pili, hela ya mwanzo isiishie kwenye vifaa vya kufungulia tu. Tenga sehemu yake kwa vifaa vya kupimia. Bolti iliyokaza unaweza kuazima mpini mrefu kwa jirani ukaifungua, ila ukikisia kipimo, chombo kinarudi, au kinaua mtu.

Tuanze na saizi, maana hapa ndipo hela nyingi hupotea. Ukishika gari na pikipiki za Kijapani, saizi zinazofanya kazi karibu zote, kwa milimita, ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Gari za Ulaya zinataka 10, 13, 16, 18, na nyingine 17 na 19. Bolti ya M8, yaani yenye mwili wa mm 8, ni ileile, lakini Mjapani huipa kichwa cha 12 na Mzungu huipa 13. M10 kwa Mjapani ni 14, kwa Ulaya ni 16, na zile za zamani ni 17. Kwa hiyo fundi wa gari za Kijapani anaweza kukaa muda mrefu bila kuigusa 13 yake, huku 12 na 14 zimeshalika midomo. Nunua spana mbilimbili za saizi unazotumia sana, kwa sababu nyuma ya bolti kuna nati, na nati hiyo inataka kushikwa.

Soketi za kwanza ziwe za pande sita. Zile za pande kumi na mbili ni nyepesi kuingiza mahali pa kubana, ila zinagusa kichwa karibu na kona. Bolti yenye kutu ukiipa nguvu kwa soketi hiyo, kona zinalainika, na hapo tayari umejitafutia kazi ya kuchomelea nati juu yake ili uitoe.

PIKIPIKI

Watu huidharau pikipiki kwa kuwa ni ndogo. Kumbe ndiyo inayodai vifaa maalumu vingi kuliko wengi wanavyodhani, na vingi havina mbadala.

Cha kwanza ni bisibisi. Skrubu za msalaba kwenye kabureta na makava ya pikipiki za Kijapani si sawa na za msalaba wa kawaida. Ni za mtindo wa JIS, yaani kiwango cha Kijapani, na nyingi zina kinukta kidogo juu ya kichwa. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini kwenye msalaba ule. Ukizungusha kwa nguvu inapanda juu na kuchana kichwa. Bisibisi za JIS zipo, na zinafanya kazi vizuri hata kwenye skrubu nyingine. Ongeza bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile ambayo kila pigo linaizungusha kidogo huku likiisukuma ndani. Kwa skrubu za kava la klachi zilizokaa miaka, hiyo ndiyo dawa.

Cha pili ni pula ya magneto, yaani kifaa cha kuivuta itoke. Magneto, lile gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme, imekaa kwenye konasi ya krenki, ile ncha iliyochongoka, imebana kweli. Kuna wanaoipiga nyundo pembeni. Sumaku zilizobandikwa ndani zinaachia, krenki inapinda, na mteja anaondoka na mtetemo ambao hakuja nao. Pula inaingia kwenye meno ya magneto yenyewe, kwa hiyo lazima meno yake yalingane na ya injini hiyo. Pima kabla ya kununua.

Halafu kuna soketi yenye meno manne kwa nati ya mduara iliyo upande wa klachi kwenye injini nyingi ndogo za silinda moja, na kishikio cha kuzuia klachi isizunguke. Ukiona nati hiyo ina makovu ya patasi, ujue fundi aliyetangulia hakuwa nayo.

Sasa vipimo. Fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, ni ya lazima. Nafasi ya valvu kwenye injini ndogo nyingi za silinda moja iko kati ya mm 0.05 na 0.10, na kitabu cha injini husika ndicho kinachosema kamili. Injini iwe ya baridi, pistoni iwe juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, alama ya T ya magneto ikae mbele ya alama ya kava. Chomeka jani la fila kati ya skrubu ya kurekebishia na mkia wa valvu. Linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo, vidole vihisi limeshikwa lakini likubali kuvutwa. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka pamoja na nati na nafasi inaondoka. Valvu iliyobanwa mno haikai vizuri kwenye kiti chake. Inapitisha moto na mwishowe inaungua. Hakuna sikio la fundi linaloweza kusikia valvu iliyobanwa, kwa sababu yenyewe haipigi kelele. Inayogonga ni iliyolegea.

Soketi ya plagi nayo ina mambo yake. Plagi yenye meno ya mm 10 hufunguliwa kwa 16, ya mm 12 kwa 18, na ya mm 14 ya zamani kwa 21. Gari nyingi za sasa zenye plagi ya mm 14 zimehamia kwenye 16. Ndani ya soketi kuwe na raba au sumaku ya kuishika, la sivyo itaanguka shimoni na kauri yake itapasuka.

GARI DOGO

Hapa racheti yenye kichwa cha nusu inchi, na nyingine ya robo tatu ya nusu inchi hiyo, yaani 3/8, zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Robo inchi ni kwa dashibodi na klipu ndogo. Gari za Ulaya huongeza soketi za nyota, za kuingia ndani na za kukamata nje, na baadhi zina bolti zenye tundu la meno kumi na mawili. Usijaribu kuingiza alenki, ule ufunguo wa pande sita, kwenye tundu hilo. Inaingia, inadanganya kwamba imekaa, kisha inasaga meno yote.

Kabla ya hayo yote, jeki ya kitoroli na stendi zake. Jeki ni ya kuinua, stendi ndizo za kubeba. Sili ya jeki ikivuja gari linashuka bila taarifa. Weka stendi zenye uzito ulioandikwa unaozidi mzigo, weka kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, sukuma gari kidogo kwa mkono uone kama limetulia, ndipo uingie chini. Fundi asiye na stendi asikubali kazi ya chini ya gari, hata mteja amsihi vipi.

Kwenye shokapu za mbele kuna kibana springi. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kumpasua mtu kichwa. Vibana viwili viwekwe pande zinazotazamana, vikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, na nati ya juu isiguswe mpaka springi ianze kucheza kwenye kikombe chake.

Kwa injini zenye mkanda wa taiming kuna vifaa vya kufungia kamshafti na krenki. Rangi ya kuweka alama husaidia kwenye injini rahisi. Kwenye injini ambazo gia ya krenki haina kabari ya kuizuia na inashikwa na mkazo wa bolti tu, alama ya rangi haitoshi. Bila kifaa chake, valvu na pistoni zinaweza kukutana.

Nitaacha nafasi kwa wenye malori na matrekta, maana najua wamo.

Ngwasuma_Dizeli:

Mkuu umegusa penyewe. Niongeze ya lori, ndiko ninakolala na kuamka.

Lori si gari dogo lililokuzwa. Nati za tairi za malori mengi makubwa ziko kwenye stadi za M22, soketi 32 au 33, na mkazo wake ni Nm 600 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), wakati gari dogo linazunguka kwenye Nm 100 hadi 120. Racheti ya nusu inchi hapo inavunjika tu. Unahitaji kichwa cha robo tatu au inchi nzima, bunduki ya upepo yenye kompresa ya kuitosha, na kizidisha nguvu, lile boksi la gia ambalo unazungusha kwa mkono mmoja na nati inalainika. Soketi za bunduki ni zile nyeusi nene. Ile ya kromu inayong'aa ni ngumu lakini inakatika, na kipande chake kikiruka hakichagui jicho.

Tena bunduki ni ya kufungulia na kukaribisha. Kumalizia ni spana ya torki, ile inayopima mkazo, kisha lori likishatembea kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena. Malori mengine ya zamani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume. Soma herufi iliyogongwa kwenye stadi kabla hujaongeza bomba kwenye mpini.

Kubwa kuliko yote ni breki za upepo. Chemba ya breki ya kuegeshea ina springi ndani, na upepo ukiisha ndiyo inayobana breki. Springi hiyo imekandamizwa vibaya sana. Kuna bolti ndefu maalumu ya kuifunga, mara nyingi imechomekwa pembeni mwa chemba yenyewe. Unaiingiza tundu la nyuma, unaizungusha ikamate, unakaza nati mpaka springi irudi nyuma, ndipo unafungua chemba kwenye ekseli. Na hata hapo usilifungue lile pipa la springi lenyewe. Likichakaa linabadilishwa zima. Fundi asiye na bolti hiyo asiguse chemba.

Umeme wa malori mengi ni volti 24. Taa ya majaribio ya volti 12 utaiunguza.

MwanagenziWaGereji:

Shikamooni wakubwa. Mimi bado najifunza kwenye magari madogo. Nina kisoma kodi za hitilafu, kile kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi. Je, kinatosha kwa kuanzia au ninunue mashine kubwa?

SpanaKumi:

Marahaba mdogo wangu. Kwa kuanzia kinatosha, ila ujue mipaka yake.

Soketi ile ya pini 16 ni ya mfumo wa OBD-II, wa gari kujichunguza hitilafu, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Kisoma kodi kidogo husoma upande wa injini na moshi. ABS, eabegi na bodi mara nyingi hakizifikii. Malori makubwa yana mfumo wao, J1939, na wengi wao soketi yake ni ya mduara yenye pini 9, kwa hiyo usitegemee kifaa chako huko.

Kinachonihuzunisha ni fundi kusoma kodi na kukimbilia kununua spea. Chukua kodi P0171. Inasema injini inapata mafuta kidogo kwa hewa iliyopo. Haijasema sensa imekufa. Inaweza kuwa bomba la vakyumu limepasuka, pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba, au sensa ya hewa imechafuka. Ili uamue unahitaji geji ya presha ya mafuta na mtu anayejua kusoma data zinazotembea injini ikiwaka.

Kabla ya mashine kubwa nunua multimita nzuri ujifunze nayo mpaka uizoee. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inaonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, chaji ya kawaida iko kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya yenye chaji inayodhibitiwa na kompyuta hushuka na kupanda. Sasa jaribu hili: weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya injini, mwenzio apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au kibano chake ndicho kibovu, na ile stata uliyotaka kuibadilisha huenda ni nzima.

Kiganja_Torki:

Naomba nitofautiane kidogo. Nimekaa kwenye gereji miaka mingi, na mkono wangu unajua bolti imekaza kiasi gani. Spana ya torki kwangu ni ya silinda hedi tu. Hayo mengine ni kupoteza muda wa mteja.

SpanaKumi:

Mzee wangu, uzoefu wako nauheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo.

Mkono unahisi ukinzani, hauhisi mkazo. Bolti yenye mafuta kwenye meno inazunguka laini, unaiongeza, unaivuta kupita kiasi. Yenye kutu inakataa mapema, unadhani imekaza, kumbe nguvu imeishia kwenye msuguano. Bolti ya M6 kwenye kava la alumini inataka Nm 10 hivi. Mkono uliozoea nati za tairi hauna adabu ya Nm 10, ndiyo maana injini nyingi za pikipiki zina meno ya kuchonga upya kwenye kava.

Zaidi ya hapo, injini nyingi za sasa zina bolti zinazokazwa kwa Nm ndogo kwanza, kisha nyuzi 90, pengine na nyuzi 90 nyingine. Zinavutwa makusudi mpaka zirefuke, na nyingi hazirudiwi. Hapo unahitaji kipima nyuzi juu ya spana.

Wanaonunua spana ya torki wazingatie masafa yake. Iliyoandikwa Nm 40 hadi 200 haiwezi kukaza M6. Mtu wa pikipiki anahitaji ndogo ya Nm 5 hadi 25, mtu wa gari dogo anahitaji hiyo pamoja na ya kati. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake ili springi ipumzike. Usifungulie nayo bolti. Na iwe inakaguliwa: kiwango cha ISO 6789 kinataja miezi 12 au mibofyo 5,000, kinachotangulia.

DadaWaGrisi:

Mimi nashika matrekta na mashine za shamba, wacha nichangie kwa ufupi.

Klachi ya trekta nyingi haibadilishwi bila kuligawa trekta nusu, injini mbele na giaboksi nyuma. Kwa hiyo stendi za kugawia zenye magurudumu, zinazobeba kila upande na kutembea kwenye reli au sakafu iliyonyooka, ni kifaa cha kazi. Kuligawa juu ya magogo na jeki mbili nimeshaona kikiishia kwa shafti iliyopinda.

Upande wa haidroliki, kuwa na geji inayofika bar 250 au zaidi na viungio vyake, kwa sababu presha ya kufanyia kazi hukaribia bar 200. Kuvuja kusitafutwe kwa mkono. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano yanapenya ngozi, na kidonda chake kwa nje kinaonekana kidogo tu wakati ndani nyama inakufa. Pitisha kipande cha kadibodi kando ya mpira, utaona unyevu. Mtu akipigwa aende hospitali saa hiyohiyo, asingoje maumivu.

Kasi ya shafti ya nyuma inayoendesha mashine za shamba, mizunguko 540 au 1,000 kwa dakika, ithibitishwe kwa kipima mizunguko kabla ya kulaumu mashine inayoendeshwa.

Ngwasuma_Dizeli:

Dada, hilo la kupenya ngozi liko pia kwenye dizeli za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa. Kwenye pampu za zamani tulizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwaka ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye komoni reli usithubutu. Ile reli huweza kuzidi bar 1,000, nyingine hufika 2,000 na kuendelea. Huko unapima mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli kwa vichupa vyenye alama, au unasoma kwenye mashine.

MwanagenziWaGereji:

Asanteni sana. Na magari ya umeme? Naona yanaongezeka, na mafundi wengi wanayakimbia.

SpanaKumi:

Kuyakimbia kwa asiye na vifaa ni sahihi kabisa. Betri kubwa ya gari la umeme ni ya volti 400 hivi, nyingine 800. Waya zake za rangi ya machungwa si za kugusa kwa kubahatisha.

Anza na glavu za mpira za daraja 0, zilizoandikwa volti 1,000, na glavu za ngozi juu yake za kuzilinda zisitoboke. Kila kabla ya kuvaa, ikunje glavu kuanzia mdomoni ubane hewa ndani, usikilize kama inavuja. Glavu yenye kitobo cha pini ni takataka. Zipelekwe kupimwa kwa umeme kila miezi sita. Vifaa vya mkono viwe vyenye alama ya pembetatu mbili na 1,000 V. Mpini uliozungushiwa utepe wa umeme hauhesabiki hapo. Multimita iwe ya daraja la usalama la CAT III volti 1,000, na waya zake ziwe na daraja hilohilo.

Utaratibu wenyewe: zima gari, ufunguo uwekwe mbali, chomoa betri ya volti 12 na plagi ya usalama kama kitabu kinavyoelekeza, funga kwa kufuli ili mwingine asiirudishe. Subiri dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya 5 na 10, umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita ushuke. Jaribu multimita kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima sehemu unayotaka kushika, kisha rudi kwenye kile chanzo ujaribu tena. Sifuri ya multimita iliyokufa inafanana kabisa na sifuri ya kweli.

Na wanaojaza gesi ya AC: kompresa ya umeme ya magari haya hutumia mafuta ya POE yasiyopitisha umeme. Mafuta ya PAG ya gari la kawaida yakiingia, hata yale yaliyobaki kwenye mipira ya mashine yako ya kujazia, kinga ya umeme ya kompresa inashuka na gari linaweza kukataa kuwaka. Tenga mashine.

Kiganja_Torki:

Hapo kwenye mafuta ya AC umenifungua macho, kijana wangu. Na spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, je? Nayo utaikataza?

SpanaKumi:

Sikatazi mzee. Iwepo kwa kushikia nati kubwa ya bomba, au saizi usiyonayo ukiwa njiani. Taya lisilosogea ndilo lipokee mvuto, yaani uvute kuelekea upande wa taya linalosogea, na ukaze skrubu yake mpaka isicheze. Kwenye nati za bomba la breki usiitumie kabisa. Hizo ni laini, mara nyingi 10 au 11, na zina spana yake ya ringi iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye bomba na kukamata pande tano.

MwanagenziWaGereji:

Basi nikiwa na hela ya vitu vichache tu, kwa gari dogo la Kijapani, nianze na vipi?

SpanaKumi:

Stendi mbili za jeki. Spana za 8 hadi 19, na 10, 12 na 14 ziwe mbilimbili. Racheti ya 3/8 na soketi za pande sita, fupi na ndefu. Multimita. Fila geji. Spana ya torki ya kati. Spana ya ringi ya bomba la breki, ya 10. Kisoma kodi tayari unacho. Pula na vibana springi azima kwa mwalimu wako mpaka kazi zenyewe zikulipie vyako.